Mefiboshethi: mtu wa jina la aibu aliyekula mezani pa mfalme

Makanisa yetu ya mashariki yamejaa akina Daudi, akina Yonathani, akina Samweli na akina Debora. Lakini tukitafuta katika madaftari ya ubatizo, ni vigumu sana kumpata mtoto aliyepewa jina Mefiboshethi. Ni jina la Kiebrania lililo nadra hata ndani ya Biblia yenyewe. Watu wawili tu wanalibeba, na wote wawili ni wa nyumba moja, nyumba ya mfalme Sauli. Mmoja alikuwa mtoto wa Sauli kwa suria wake Rispa. Mwingine alikuwa mtoto wa Yonathani, yaani mjukuu wa Sauli. Maisha ya huyu wa pili ndiyo tunayotaka kuyafuata leo, kwa sababu ndani yake kuna vita, ukimbizi, shamba lililopotea, uongo wa mtu wa karibu, na agano lililotunzwa. Hayo ni mambo ambayo washirika wetu wanayajua vizuri.

Jina lenyewe linasema nini

Sisi watu wa Kongo tunajua kwamba jina si sauti tu. Kwetu kuna watoto wanaoitwa Mateso, Machozi, Shida au Vita kwa sababu ya siku walizozaliwa. Wengine wanaitwa Furaha, Bahati, Riziki au Neema kwa sababu wazazi walipata pumzi baada ya taabu. Waebrania walikuwa hivyo pia. Basi inatupasa kuuliza: ni mzazi gani angemwita mtoto wake Mefiboshethi?

Sehemu ya mwisho ya jina hili, boshethi, maana yake ni aibu. Sehemu ya kwanza ni ngumu zaidi. Wako wanaoihusisha na neno la Kiebrania la kinywa, na hapo jina linakuwa mtu atokaye katika kinywa cha aibu. Wengine wanaihusisha na neno la kuvunja na kutawanya, na hapo linakuwa mwenye kuivunja aibu. Kwa vyovyote neno aibu limebaki ndani yake, na haielekei kwamba Yonathani, mwana wa mfalme, alimpa mzaliwa wake jina kama hilo.

Jibu linapatikana katika kitabu kingine. Tukifungua 1 Mambo ya Nyakati sura ya 8 na ya 9, tunakuta orodha ya ukoo wa Sauli. Pale mwana wa Yonathani, baba yake Mika, haitwi Mefiboshethi. Anaitwa Merib-baali. Tena katika Kiebrania cha sura ya 9 jina lake limeandikwa kwa namna mbili ndani ya mstari mmoja, Merib-baali na Meri-baali. Na hata baadhi ya nakala za tafsiri ya zamani ya Kigiriki zinamwita kwa jina linaloishia na baali ndani ya habari za Samweli. Ni mtu yule yule.

Neno baali katika Kiebrania lilikuwa neno la kawaida. Maana yake ni bwana, mwenye kitu, au mume. Zamani, kabla ya hatari kuonekana wazi, watu wa Israeli waliweza kumwita Mungu wao kwa neno hilo bila kufikiri sanamu. Tunaliona jambo hili katika jina la Bealia, askari mmoja aliyemfuata Daudi, ambalo maana yake ni kwamba Yahwe ndiye baali, ndiye Bwana. Hata Daudi mwenyewe alikuwa na mwana aliyeitwa Beeliada katika Mambo ya Nyakati, na huyo huyo anaitwa Eliada katika 2 Samweli. Kwa hiyo Merib-baali laweza kuwa na maana ya Bwana anatetea, au mtu anayeshindana na Baali. Yote mawili ni majina ya heshima.

Na wachimbaji wa mambo ya kale wametusaidia. Huko Khirbet Qeiyafa, upande wa kusini-magharibi wa Yerusalemu, mwaka 2012 vilipatikana vipande vya mtungi wenye maandishi ya wakati wa Daudi au karibu nao, na jina lililoandikwa ni Eshbaali. Huyu si mwana wa Sauli mwenye jina hilo, maana baba yake ni mwingine. Lakini tunaona kwamba jina lilitumika kweli. Huko Samaria vilevile, mwaka 1910, vilipatikana vigae vya hesabu za divai na mafuta vya karne ya 8 kabla ya Kristo. Ndani yake mna majina mengi yenye baali, na moja ni Meribaali.

Basi aibu iliingia kwa njia gani? Baadaye Israeli walimwabudu Baali wa Wakanaani, na manabii wakapiga vita jina hilo. Hosea alitangaza kwamba siku itakuja watu hawatamwita tena Mungu kwa neno hilo. Yeremia aliweka neno aibu sambamba na neno Baali. Wataalamu wengi wanaona kwamba waandishi walionakili kitabu cha Samweli hawakutaka wasomaji walitamke jina la sanamu, wakaweka boshethi mahali pa baali. Ndiyo maana Eshbaali mwana wa Sauli akawa Ishboshethi. Gideoni, aliyeitwa Yerubaali, anaitwa Yerubeshethi katika 2 Samweli 11. Na Merib-baali akawa Mefiboshethi.

Wazee wetu wanaweza kuelewa jambo hili. Mwaka 1972, wakati wa Mobutu, majina ya ubatizo yalikatazwa katika nchi yetu, na watu wakaandikwa upya katika vitambulisho. Mtu alibaki yule yule, lakini karatasi ilisema kitu kingine. Mwana wa Yonathani naye: tendo la waandishi lilikuwa la kumwogopa Mungu, lakini mtu huyu amekuja kwetu akiwa na neno aibu juu yake, na sisi tumemjua kwa jina hilo.

Siku ya kukimbia

Habari ya kwanza ya maisha yake imeandikwa katika mstari mmoja tu, 2 Samweli 4:4, katikati ya habari ya mauaji. Alikuwa mtoto wa miaka 5. Kutoka Yezreeli ilikuja habari kwamba Wafilisti wameshinda, na kwamba babu yake na baba yake wamekufa siku moja kwenye mlima Gilboa. Mwanamke aliyekuwa akimlea akambeba akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, na kutoka siku hiyo miguu yake yote miwili ikawa imelemaa.

Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu jambo hili kwa maneno mengi. Katika kambi zetu na katika familia zilizopokea wakimbizi, wako watoto walioumia hivyo, si kwa risasi bali katika kukimbia. Biblia haimlaumu yaya yule. Alifanya alichoweza. Bila yeye mtoto huyu hangeishi.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Katika falme za zamani, mara nyingi mfalme wa nyumba mpya aliua uzao wa yule aliyetangulia. Baadaye katika Israeli Baasha aliwafanyia hivyo watu wa Yeroboamu, Zimri akawafanyia watu wa Baasha, na Yehu akawafanyia watu wa Ahabu. Mtoto wa Yonathani alikuwa amebeba hatari katika damu yake. Baba yake mdogo Ishboshethi alitawala miaka miwili tu upande wa Mahanaimu, kisha watu wawili wa jeshi lake mwenyewe wakamuua akiwa amelala kitandani, wakamletea Daudi kichwa chake wakitumaini zawadi. Daudi hakuwapa zawadi. Aliamuru wauawe.

Lo-debari

Mtoto alikulia ng'ambo ya Yordani, katika nchi ya Gileadi, mahali paitwapo Lo-debari. Hilo nalo ni jina la kutazamwa. Kiebrania chake chaweza kusikika kama mahali pasipo neno, pasipo kitu, au pasipo malisho. Nabii Amosi alilichezea jina hilo alipowacheka watu waliojisifu kwa kushinda mahali ambapo si kitu. Huko ndiko mjukuu wa mfalme alijificha, katika nyumba ya mtu mmoja anayeitwa Makiri mwana wa Amieli.

Tumtazame kidogo huyu Makiri. Alimpokea mtoto yatima na mlemavu ambaye kumtunza kulikuwa hatari. Hakupata ukumbusho mkubwa. Lakini miaka mingi baadaye, Daudi mwenyewe alipomkimbia Absalomu akafika Mahanaimu akiwa amechoka pamoja na watu wake, Makiri wa Lo-debari ni mmoja wa watu watatu waliomletea vitanda, vyombo, ngano, shayiri, asali na kondoo. Aliyempokea mkimbizi wa nyumba ya Sauli alimpokea pia mkimbizi wa nyumba ya Daudi. Nyumba yake haikuchagua upande. Ilitazama mtu mwenye njaa.

Meza ya mfalme

Mefiboshethi alikua, akaoa, akapata mtoto wa kiume aitwaye Mika. Wakati huo Daudi alikuwa ametulia Yerusalemu, na ndipo akauliza kama kuna mtu yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli. Kwa mfalme mwingine, swali hilo lingekuwa mwanzo wa mauaji. Lakini Daudi aliuliza ili atende mema kwa ajili ya Yonathani. Miaka mingi kabla, wakiwa vijana porini, Yonathani alimwapisha Daudi asikatilie mbali fadhili kwa nyumba yake, hata Bwana atakapowaondoa adui za Daudi wote. Yonathani alikuwa na haki ya kurithi kiti, naye alimwomba huruma yule atakayekikalia badala yake. Sasa Yonathani amekufa, na hakuna shahidi wa kumdai Daudi. Daudi alijidai mwenyewe.

Siba, mtumishi wa zamani wa Sauli, alieleza mahali alipo mwana wa Yonathani, na hakusahau kusema kwamba miguu yake imelemaa. Wajumbe wakatumwa. Mefiboshethi akafika, akaanguka kifudifudi, akajihesabu kuwa kama mbwa mfu. Daudi akamwita kwa jina, akamwambia asiogope, akampa mambo mawili.

Jambo la kwanza ni ardhi. Mashamba yote ya Sauli yalirudishwa kwake, na Siba, mwenye wana 15 na watumishi 20, aliamriwa kuyalima kwa faida yake. Tunaliweka hili mbele kwa sababu wahubiri wengi wanakimbilia meza na kusahau shamba. Mtu aliyepoteza vyote katika vita hahitaji tu kukaribishwa chakula siku moja. Anahitaji mahali pake parudishwe, na jambo hilo litamkwe mbele ya wote.

Jambo la pili ni meza. Sura ya 9 inarudia mara nne kwamba alikula mezani pa mfalme, kama mmoja wa wana wa mfalme. Kisha inafunga kwa kutaja tena miguu yake. Msomaji atakumbuka kwamba sura ya 5, wakati wa kuteka Yerusalemu, imetaja maneno makali juu ya vipofu na viwete, kwamba wasiingie nyumbani. Na sasa kiwete ameketi katika nyumba ya Daudi kila siku. Miguu yake haikuponywa. Mungu hakungoja miguu iponywe ndipo ampe kiti.

Uongo wa Siba

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa tamu sana. Lakini maisha hayaishii kwenye karamu. Absalomu alipoasi, Daudi alitoka Yerusalemu akipanda mlima wa Mizeituni akilia. Siba akamlaki na punda wawili, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Mfalme akauliza bwana wake yuko wapi. Siba akajibu kwamba amebaki mjini, akitumaini Israeli watamrudishia ufalme wa baba yake. Papo hapo, bila kumsikia mshitakiwa, Daudi akampa Siba mashamba yote.

Tunajua mambo haya. Wakati wa machafuko, neno moja linatosha kumwondoa mtu katika shamba lake. Inatosha kusema kwamba moyo wake uko upande mwingine. Na neno hilo hushika upesi likimhusu mtu wa ukoo fulani, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wameanza kumshuku zamani. Siba alijua Daudi anaogopa nini, naye alikuja na mikate mkononi.

Absalomu aliposhindwa na Daudi akarudi, Mefiboshethi alishuka kumlaki. Hakuwa ameitunza miguu yake, wala ndevu zake, wala nguo zake, tangu siku ile mfalme alipoondoka. Mwili wake ulikuwa ushahidi. Mtu anayengoja kutawazwa hakai katika uchafu wa matanga. Alieleza kwamba alitaka kutandika punda amfuate mfalme, kwa maana hawezi kutembea, lakini mtumishi wake alimdanganya na kumsingizia.

Daudi hakuchunguza. Alikata maneno na kuamuru shamba ligawanywe, nusu kwa Siba na nusu kwa Mefiboshethi. Walimu wa Kiyahudi wa zamani hawakumwonea Daudi haya katika jambo hili. Katika Talmudi wanasema kwamba kwa hukumu ile ya kugawanya shamba, mbingu iliamua kwamba ufalme nao utagawanywa kati ya Rehoboamu na Yeroboamu. Sisi hatulichukui hilo kama historia, lakini tunasikia uzito wake. Mamlaka ikigawa nusu kwa nusu kati ya mwongo na aliyedanganyiwa ili tu maneno yaishe, haijaleta amani. Imeahirisha vita.

Hapo Mefiboshethi alijibu jambo la ajabu. Alisema Siba na achukue yote, maadamu mfalme amerudi salama. Tuseme wazi: hatusomi hapa amri kwa wajane na wakimbizi waache mashamba yao mikononi mwa wanyang'anyi. Aliyekosa ni Siba, na aliyehukumu vibaya ni Daudi. Lakini tunaona ni nini kilichomshika mtu huyu. Shamba lilikuwa zawadi. Meza pia ilikuwa zawadi. Aliyempa alikuwa wa thamani kuliko vyote, na Siba hakuweza kumnyang'anya hilo.

Mefiboshethi wawili

Kitabu cha Samweli kinamtaja mara moja tena, karibu na mwisho. Njaa ilikuwa nchini miaka 3. Sababu ilikuwa damu ya Wagibeoni. Tangu siku za Yoshua Israeli walikuwa wamewaapia watu hao kwamba hawatawaua, na Sauli akakivunja kiapo hicho. Wagibeoni wakadai watu 7 wa uzao wa Sauli. Daudi akatoa wana 5 wa binti Sauli na wana 2 wa Rispa. Mmoja wa hao wa Rispa aliitwa Mefiboshethi. Lakini Mefiboshethi mwana wa Yonathani alimhurumia.

Watu wawili, ukoo mmoja, jina moja. Mmoja akatundikwa mlimani, na mama yake Rispa akalinda miili ya wanawe mchana dhidi ya ndege na usiku dhidi ya wanyama, hata mvua ikanyesha. Mwingine akaachwa hai. Kilichowatenganisha si tabia, si nguvu, wala si maana ya jina. Ni kiapo. Kiapo kilichovunjwa na Sauli kilileta kifo ndani ya nyumba yake, na kiapo kilichotunzwa na Daudi kilimkinga mmoja. Na Rispa hakusahauliwa: Daudi aliposikia aliyoyatenda, aliichukua mifupa ya Sauli na Yonathani kutoka Yabesh-gileadi, ikakusanywa na mifupa ya waliotundikwa, na mifupa ya Sauli na Yonathani ikazikwa katika kaburi la Kishi, baba yake Sauli.

Jina linaloendelea

Tukirudi kwenye orodha ya Mambo ya Nyakati tunakuta mwisho wa habari. Merib-baali alimzaa Mika. Mika akawa na wana 4, na uzao ukaendelea vizazi vingi hadi kwa wana wa Ulamu, mashujaa wapiga upinde, wenye wana na wajukuu wengi, watu 150. Kutoka kwa mtoto mmoja aliyeangushwa katika mbio, ukoo mzima ulisimama. Na orodha hiyo inamtaja kwa jina lake la kwanza, lile alilopewa na baba yake.

Wapendwa, katika makanisa yetu kuna watu waliobebeshwa majina na wengine. Mtoto wa msituni. Mtoto wa adui. Mke wa askari. Mlemavu. Mkimbizi. Yule wa kabila fulani. Majina hayo hayakutoka kwa baba zao, wala hayakutoka kwa Mungu. Kazi ya kanisa ni kuuliza kama alivyouliza Daudi, ni nani aliyebaki ambaye twaweza kumtendea mema kwa ajili ya agano, kisha kumtuma mtu akamtafute huko Lo-debari yake, kumwita kwa jina lake, kusimama naye katika jambo la shamba lake, na kumpa kiti mezani. Tena, akishitakiwa, tumsikilize yeye kabla ya kupokea mikate ya Siba.

Sisi wenyewe tunakula Meza ya Bwana kwa ajili ya mwingine, wala si kwa ajili ya miguu yetu. Bwana awabariki, na awatunze katika siku hizi.